Maji ya Ziwa

Kule Murara, mtaa wa Goma, ukiuliza nyumba ya Kahindo, hakuna atakayejisumbua kukuonyesha kwa kidole. Watakuambia simama tu, sikiliza. Mama yule akimsalimia jirani mmoja, njia nzima imesalimiwa. Kwaya ya parokia ilimwomba kwa adabu zote asimame safu ya nyuma, tena karibu na mlango, na yeye wala hakuona haya. Alisema Mungu alipomgawia sauti hakutumia kijiko, na anayechukia aende akamuulize Mungu mwenyewe.

Ndiyo sauti iliyompa kazi. Kahindo alikuwa reko, yaani mmoja wa wale wanaojitolea kutembea nyumba kwa nyumba wakiwaelezea watu mambo ya chanjo, maji na watoto wachanga, jile, kile kizibao cha bluu, mwilini. Jile lile alilifua kila Jumamosi na kulipiga pasi, na ole wake mtoto aliyelitumia kufutia meza. Majirani walimtania kwamba analivaa kama kanzu ya askofu. Wacheke tu, alisema. Watoto wanne alinyonyesha, wanne wako hai, na habari hiyo aliitangaza popote alipopata mtu wa kumsikiliza.

Alizaliwa Vitshumbi, kando ya ziwa Edouard, mama yake akikausha samaki. Vita ilimtoa huko mara tatu. Mara mbili alirudi. Ya tatu akafika Goma na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani, akabaki. Kwa hiyo mwaka ule wa 2023, watu wa Masisi na Rutshuru walipojaa Munigi, nje kidogo ya mji, hadi mahema yakagusana, Kahindo hakusema "wale wakimbizi" kwa mdomo wa pembeni kama wengine mtaani. Alisema "watu wangu," ingawa yeye ni Munande na wengi wao wanaongea Kinyarwanda. Aliyenung'unika mbele yake alijuta siku hiyo yote.

Kitu kingine alichotoka nacho Vitshumbi ni Kiswahili. Mwalimu wake wa darasa la nne alikuwa mtu mkali, aliyetaka Kiswahili cha kitabuni, na mtoto aliyekosea alisimamishwa mbele ya wenzake mpaka aseme sawasawa. Kahindo alikishika kile Kiswahili na hakukiachia. Goma watu husema "lac", yeye husema ziwa. Watu husema "kolera", yeye husema kipindupindu. Alijiona mtu aliyesoma, na tuseme ukweli, alijidai kidogo.

Lakini kilichompa fahari ya kweli alikipata Munigi, chini ya turubai, kutoka kwa Muganga Namegabe. Huyu alikuwa nesi wa kituo cha afya, mtu mwembamba wa kabila la Washi kutoka Bukavu, asiyecheka ovyo, na ndiye aliyewafundisha mareko kwa siku mbili. Kahindo aliingia mle akijua kwamba maziwa ya mama ni chakula. Alitoka akijua kwamba ni ulinzi pia. Namegabe aliwaambia kwamba yale ya kwanza, ya njano, yanayotoka siku za mwanzo, yanaupaka utumbo wa mtoto wakati bado uko wazi kwa kila kijidudu kinachopita. Akaongeza kwamba ndani ya maziwa kuna sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi hata kuisaga. Kahindo akainua mkono: sasa Mungu aliiweka ya nini? Namegabe akajibu kwamba ina kazi mbili. Inalisha vijidudu vyema vya tumboni, na vile vibaya vinaishikilia vikidhani vimeshika ukuta wa utumbo, kisha vinatolewa pamoja nayo kwenye nepi. Mareko walicheka hadi wakashika mbavu. Kijidudu cha kuharisha kudanganywa na titi la mama, jamani!

Akaendelea. Mwili wa mama, alisema, ukikutana na vijidudu vya pale anapoishi, unatengeneza askari wa kupigana navyo, na askari hao wanapita kwenye titi mpaka kwa mtoto. Alionya wasiende kuwadanganya watu kwamba maziwa yanazuia kila ugonjwa. Hayazuii. Lakini mtoto anayenyonya tu, bila kupewa maji wala uji miezi sita ya kwanza, hafi kwa kuhara kirahisi kama yule anayepewa.

"Basi mama wa kambini," Kahindo akauliza, "aliyekula vumbi la kambi, maziwa yake yanaijua kambi?"

Namegabe akasema ndiyo, mtu anaweza kusema hivyo.

Neno hilo lilimwingia Kahindo moyoni likakaa. Aliwajua wale wanawake. Kila foleni waliyosimama waliambiwa kwamba hawana kitu: hawana shamba, hawana nyumba, hawana hata sahani. Kumbe wana kitu ambacho lori halikukileta, na mtoto anakitafuta kwa mdomo wake mwenyewe. Alirudi Murara siku ile kifua mbele kwa niaba yao wote.

Mwezi wa tatu kipindupindu kikaingia Munigi pamoja na mvua. Malori ya maji yalikuwa yakichelewa, na watu wakaanza kunywa maji yaliyotekwa chini kwenye ziwa la Goma na kupandishwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, bila kutiwa dawa. Kutoka ofisi moja ya mjini ikaja karatasi ya tangazo, kwa Kiswahili safi. Mareko wengine waliitazama wakababaika. Kahindo aliisoma mara moja bila kukwama, akapewa megafoni. Siku tatu mfululizo, asubuhi na alasiri, alizunguka kati ya mahema juu ya mawe meusi ya volkeno akitangaza neno kwa neno kama lilivyoandikwa: kipindupindu kimeingia, maji ya ziwa yana vijidudu, msinywe maji ya ziwa, na hasa mtoto mchanga, msimpe maji ya ziwa hata tone.

Alitangaza vizuri, hakuna ubishi. Wazee walitoka nje kumsikiliza. Mwalimu wake wa darasa la nne angekuwepo angempigia makofi.

Siku ya nne akaweka megafoni chini, akaanza kuwazungukia waliojifungua karibuni. Hema la tatu lilikuwa la Mukamurenzi, mama wa makamo kutoka Masisi, mrefu, aliyekuwa akiishi na mukwe wake Uwitonze, mke wa mwanawe. Mume wa Uwitonze alikuwa amepotelea njiani wakati wa kukimbia na hakuna aliyekuwa na habari zake. Uwitonze alikuwa amejifungua siku mbili zilizopita, mtoto wa kiume, wa kwanza. Hakuwa na jina bado, maana kwao jina linangoja siku ya nane.

Kahindo aliingia na salamu yake kubwa, na mtoto hakushtuka. Hapo hapo akajua kuna jambo. Mtoto wa siku mbili akisikia sauti ya Kahindo hushtuka. Huyu alilala tu, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Mukamurenzi alikuwa na kikombe cha maji ya sukari na kijiko, akimdondoshea kidogo kidogo. Uwitonze aliketi kando akiwa amejifunga kitenge kifuani, kimekazwa kwa mafundo mawili, na mbele kimelowa.

Kahindo akauliza kwa nini mtoto hanyonyi. Mukamurenzi alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

"Mama, ni wewe ulipita hapa na ile chombo yako," alisema. "Ulisema mutoto muchanga asipewe maji ya ziwa hata tone. Mimi nilizaa tisa, wote walinyonya siku ile ile. Niliona ni ajabu. Lakini nikasema, kama wanatembea kutangaza, wanajua kitu. Tukatii."

Kahindo nusura acheke. Halafu akakiangalia kile kitenge kilicholowa, na kicheko kikafa.

Ziwa. Kwa hawa watu ziwa ni titi la mama. Lile la samaki wanaliita lac, kama Goma nzima inavyoliita, isipokuwa yeye na karatasi yake. Na yale ya njano ya siku za kwanza, ambayo hayajawa meupe, mtu akisikia "maji ya ziwa" ataelewa nini kingine? Siku tatu nzima alikuwa amewapitia wazazi wapya wote wa Munigi, kwa ile sauti ambayo Mungu hakuipima kwa kijiko, akiwaambia wasimpe mtoto kile hasa alichofundishwa kuwasihi wampe.

Akaketi juu ya bidoni tupu. Kwanza hasira zilimpanda kwa aliyeandika ile karatasi, akakaa ofisini kwake na kalamu yake bila kumuuliza hata mama mmoja. Na karatasi ilikuwa mfukoni mwa jile. Angeweza kuitoa na kusema ona, si mimi, ni ofisi. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Kahindo alijua kitu ambacho ofisi haikujua: yeye anaishi Murara miaka kumi na tano, anasikia watu wakisema lac kila siku ya Mungu, na aliposoma neno lile alilipenda kwa sababu lilikuwa zuri mdomoni mwake. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilikuwa ninaongea juu ya maji ya lac. Ningesema lac, mungesikia. Nilisema ziwa juu ya kutaka watu wajue ninajua Kiswahili."

Aliomba mtoto awekwe kwenye titi sasa hivi. Na ndipo shida yenyewe ilipojitokeza, maana Uwitonze, ambaye alikuwa hajafungua mdomo, alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema taratibu kwamba jana ziwa lilikuwa sumu, leo limekuwa dawa, na kesho huyu mama atakuja na lipi? Tena jirani yake wa hema la pili alikuwa amekufa na kolera juzi, na walikuwa wakila sahani moja. Kama ugonjwa tayari uko ndani ya mwili wake? Alikuwa amempoteza mume. Hakutaka kumuua mtoto kwa mkono wake.

Kahindo akaeleza. Alieleza sukari inayodanganya vijidudu, akaeleza askari, akaeleza kwamba kolera inapita kwa maji na mikono michafu, haipiti kwa maziwa. Maneno yote yalikuwa ya kweli, na yote yalianguka chini. Uwitonze alitazama mlango wa hema. Ukishamwambia mtu uongo kwa megafoni, ukweli wa kunong'ona haumwingii. Na mtoto alikuwa analala usingizi ule mbaya, usingizi wa mtoto aliyechoka kuomba.

Aliyemwokoa alikuwa Mukamurenzi. Alikuwa akisikiliza, kijiko mkononi, kisha akamwuliza Kahindo jambo moja tu: hiyo ya njano anayoiongelea, ni umuhondo? Kahindo hakulijua neno. Mukamurenzi akamfafanulia kwamba ni maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Masisi alikuwa na ng'ombe kumi na saba kabla watu wenye bunduki hawajawaswaga. Alikuwa akikamua tangu hajafikisha miaka saba. Kahindo akasema ndiyo, ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba hii ni ya mtu.

Mukamurenzi akaweka kijiko chini, akamgeukia mukwe wake.

"Wewe ni mutoto wa wafugaji," alisema. "Ng'ombe akizaa, umuhondo ni ya nani?"

"Ni ya ndama," Uwitonze akajibu.

"Na ndama asipoipata?"

Uwitonze alianza kufungua mafundo ya kitenge.

Matiti yalikuwa yamevimba, magumu kama mawe ya nje, na mtoto alikuwa dhaifu mno kuyashika. Mukamurenzi akamsogeza Kahindo pembeni, kwa heshima lakini akamsogeza. Alinawa kwa sabuni mpaka viwiko. Akaloweka kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakibandika kifuani mwa mukwe wake, akangoja, kisha akaanza kukanda na vidole vyake virefu akitoka juu kuja chini, bila haraka, kama mtu aliyefanya kazi hiyo kila alfajiri ya maisha yake. Uwitonze aliuma meno. Kahindo, mwenye jile, mwenye mafunzo ya siku mbili, alishika kijiko kilichochemshwa, na hiyo ndiyo kazi yote aliyopewa. Tone la kwanza lilikuwa la njano kama kiini cha yai. Likafuata la pili. Walimdondoshea mtoto midomoni na kungoja, na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha koo dogo likapanda na kushuka.

Mukamurenzi alisema kitu kwa Kinyarwanda. Kahindo hakukielewa na hakuhitaji kuelezwa.

Bado hawakuwa wamevuka. Walimpeleka kwa Namegabe mara moja, Kahindo akiwafungulia njia kwa mdomo wake. Muganga alimkuta mtoto ana homa na tumbo limeanza kuharibika kwa yale maji ya kijiko. Alimpiga sindano, akamlaza, akaagiza titi tu, kila saa, na maji ya sukari yamwagwe. Siku mbili mtoto alikuwa huku na huku. Siku ya tatu alinyonya mwenyewe kwa nguvu hadi Uwitonze akapiga kelele ya maumivu, na chumba kizima kikacheka kwa furaha. Siku ya nane wakampa jina Nsengimana.

Kahindo hakungoja siku ya nane. Alasiri ile ile aliyotoka kwa Namegabe alichukua megafoni, akarudi kwenye hema la kwanza. Alikuwa amemwambia muganga kila kitu, na muganga alisema warekebishe tangazo tu, hakuna haja ya kujitaja. Kahindo alijitaja. Alipita Munigi nzima akisema kwamba yeye Kahindo wa Murara amekosea, kwamba maji mabaya ni ya lac, kwamba titi la mama halina kolera, mtoto anyonye kuanzia ile ya njano, mchana na usiku. Watoto walimfuata wakicheka. Wanaume walimwita Mama Ziwa, na hadi leo kuna wanaomwita hivyo. Aliitika. Alitembea kichwa juu, jasho likimtoka, na mahema saba alikuta mama mwingine amejifunga kitenge kifuani. Saba! Hakuondoka katika hema lolote kati ya hayo mpaka alipoona kwa macho yake mtoto akimeza, na pale alipokwama alikwenda kumwita Mukamurenzi, aje na vidole vyake.

Ndivyo yule mama wa Masisi alivyoanza kutembea naye. Hakupewa jile, yalikuwa yamekwisha. Alitembea na kipande cha sabuni kwenye fundo la kitenge, na wanawake walianza kumtafuta yeye kabla ya Kahindo. Kahindo aliona wivu kwa muda wa siku mbili, kisha ukamwisha.

Nsengimana alipofikisha wiki tatu, Uwitonze akaugua. Kolera yenyewe, ile ya kumkausha mtu kati ya asubuhi na adhuhuri. Walimbeba hadi kwenye mahema ya wagonjwa yaliyozungushiwa kamba, wakamtundikia serumu, ile dripu, mikono yote miwili. Kahindo alipata habari akiwa Murara, sabuni ya kufulia bado mikononi. Alipanda moto, pikipiki ya kukodi, akamsihi dereva akimbie, na njia nzima aliogopa jambo moja: kwamba mtu fulani mwenye nia njema atamtenganisha mtoto na mama yake, amrudishe kwenye kijiko.

Alifika penye kamba na maneno yote tayari mdomoni. Na kweli, msichana mmoja wa kujitolea, mgeni pale, alikuwa amesimama kando ya kitanda na kopo la maziwa ya unga na chupa, akieleza kwa upole kwamba mama ni mgonjwa sana, haifai mtoto kumkaribia. Uwitonze hakuwa na nguvu ya kujibu. Mukamurenzi alikuwa amekwisha kumnawisha mikono na kifua. Alikuwa amepiga magoti akimshikilia Nsengimana kwenye titi, mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto, na hakusimama alipojibu.

"Mama ndiye mugonjwa," alisema. "Maziwa yake iko muzima. Hii kolera imemupata leo, na leo mwili wake unatengenezea mutoto askari wa kolera. Peleka kopo yako kwa mutoto asiye na mama. Huyu ana mama."

Msichana alimtazama Namegabe, aliyekuwa akibadilisha serumu kitanda cha jirani. Namegabe aliinamisha kichwa kukubali, akaendelea na kazi yake. Kopo likaondoka.

Kahindo alibaki nje ya kamba, maneno yote aliyokuja nayo hayana tena kazi, na machozi yakamtoka mbele ya watu mchana kweupe. Hakujificha. Uwitonze alikaa mle siku nne, na siku zote nne mtoto alinyonya kwake. Siku ya tano mama alitoka kwa miguu yake mwenyewe, amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili, na Nsengimana mgongoni akilia kwa sauti kubwa ya mtoto mwenye afya, ambaye katika siku hizo zote hakuhara hata mara moja.